Papa Aliponyamaza Ukumbini

Gérant, msimamizi wa ukumbi wa picha, alipokuja nyumbani kwetu Kadutu na kuniuliza, mbele ya Papa, kama ningekubali kukaa kwenye kiti cha Papa mwenyewe na kushika maikrofoni kila Jumapili, nilipaswa kusema hapana. Nilisema ndiyo. Nilisema haraka, kabla hajamaliza swali lake, kama mtoto anayeogopa kwamba sahani itapita mbele yake isisimame. Papa alikuwa ameketi karibu na dirisha, shati amelifunga mpaka shingoni kwa sababu ya koo lililomsumbua tangu Jumapili, na macho yake yalikuwa nje, barabarani.

Haya yamenirudia kwa sababu ya harufu. Juzi nilipeleka redio yangu kwa fundi pale Nyawera, naye akawasha taa ya mezani ambayo bila shaka ilikuwa imekaa siku nyingi bila kuguswa. Vumbi lililotanda juu ya balbu likaanza kuungua. Ninyi mliokua wakati mmoja nami mnaijua harufu hiyo: chungu kidogo, tamu kidogo, kama nywele zilizopitiwa na moto wa mbali. Kwetu sisi hiyo ilikuwa harufu ya Jumapili alasiri. Ilikuwa harufu ya mashine ya picha ikianza kupata joto, mablanketi yamekwisha kutundikwa madirishani, na watu wamebanana kwenye mabenchi ya mbao mpaka ukiinua mkono kujikuna huna pa kuurudisha.

Mashine ile waliiacha mapadri, pamoja na sanduku la picha kuukuu. Ilikuwa na taa mbili: kubwa ya kuonyesha picha, na ndogo mno ya kusoma sauti iliyochorwa pembeni mwa filamu. Ile ndogo iliungua kabla sijapata akili, na katika Zaïre nzima hakupatikana mtu wa kutuletea nyingine. Basi picha zetu zilikuwa bubu. Midomo ilikwenda, farasi walikimbia, milango ilifungwa kwa hasira, na ukumbini ulisikia mashine tu ikitafuna filamu yake taratibu.

Aliyewapa sauti alikuwa Papa.

Siku za kazi alikuwa fundi viatu sokoni Kadutu, mtu mwembamba mwenye vidole vyeusi vya nta. Jumapili alivaa abacost yake moja ya kijivu, suti ya siku zile isiyo na tai, akaketi kwenye kiti upande wa kulia wa shuka jeupe, maikrofoni mkononi, na miguuni pake kikapu cha vifaa. Vibuyu viwili vilivyokatwa katikati vilikuwa kwato za farasi. Kopo la maharagwe lilikuwa bahari, na ukilitikisa kwa namna nyingine lilikuwa watu wanaokimbia juu ya kokoto. Kipande cha bati kilikuwa radi. Alikuwa na mkanda mnene wa ngozi ambao ukikunjwa karibu na maikrofoni ulilia kama tandiko chini ya mtu mzito, na watu waliokuwa hawajamwona farasi maishani mwao walijua mara moja kwamba huyu aliyepanda ana safari ndefu.

Maneno aliyatunga mwenyewe. Jumamosi alitazama picha mara moja, yeye na mwendesha mashine peke yao, mikono mapajani, asiandike kitu. Jumapili wale watu wa kwenye shuka walizungumza Kiswahili cha Bukavu. Wazungu wenye kofia pana walisalimiana kama watu wa Bagira waliopoteana, waliulizana habari za shamba na za mama mkwe. Nakumbuka bwana mmoja mwenye bastola mbili akimwambia mwenzake, kwa sauti ya Papa, "Tonton, weka ile kitu chini, tuongee kama batu banaokula pamoja," na ukumbi ukacheka mpaka benchi la mbele likapinduka.

Mimi nilikuwa sijafika umri wa kuyaelewa haya vizuri. Niliamini kwamba wale watu walizaliwa bubu wote, huko kwao, na kwamba walipelekwa Bukavu kwa sababu Papa yupo. Niliwahurumia. Nilijiuliza wanakuwaje siku za katikati ya juma, wakati Papa anashona viatu. Shuleni mwalimu alipotuuliza kazi za wazazi wetu, wengine walisema dereva, mkulima, mwanajeshi. Mimi nilisimama nikasema, "Papa anasemea bale basioweza kusema." Darasa lilicheka, lakini mwalimu, ambaye naye alikuwa hakosi ukumbini Jumapili, hakucheka. Niliketi nikiwa mrefu kuliko nilivyosimama.

Kitu kimoja tu kilinitia aibu. Papa alikuwa akinyamaza.

Si kwa bahati mbaya. Katikati ya picha, mahali ambapo mimi niliona maneno yanahitajika kuliko popote, alishusha maikrofoni mpaka gotini na kutulia. Mara ya kwanza kuliona hilo ilikuwa siku ya picha ya jangwani. Watu na ngamia wao walikuwa wakitembea mchangani, maji yamewaishia, mtoto mmoja amebebwa mgongoni. Papa alikuwa akiwapumulia, pumzi kavu ya kukwaruza, mpaka mimi mwenyewe nikawa nameza mate. Ndipo mvua ya Kadutu ikaanguka juu ya paa la mabati. Mnaijua mvua yetu, haibishi hodi. Ukumbi ulijaa kishindo na hata maikrofoni haikufaa kitu. Papa akaishusha. Tukakaa gizani, mvua ikitupigia kichwani, na mbele yetu wale watu wakianguka mmoja mmoja kwa kiu.

Niliinama kwa aibu. Niliona Mungu amemfunga Papa mdomo mbele ya watu wote.

Mvua ilipopungua kidogo, akainua maikrofoni akasema sentensi moja, polepole, "Mvua hii ni ya kwetu. Bale kule, haibafikie." Basi. Akaishusha tena. Ukumbi mzima ukatoa sauti moja ya chini, kama mtu aliyeguswa kwenye kidonda, na nyuma yangu mwanamume mmoja mkubwa, mpakiaji wa malori sokoni, alikuwa akifuta macho kwa kofia yake. Mimi niliwaza tu kwamba Papa ameponea chupuchupu.

Na kulikuwa na ile picha ya mama wa mtoni. Ilionyeshwa mara nyingi kwa sababu sanduku letu halikuwa na picha nyingi, na watu waliitaka. Kijana anazama. Wavuvi wanamleta wakiwa wamembeba kwenye mlango uliong'olewa, wanamweka mbele ya mama yake, na mama anafungua mdomo. Hapo Papa alinyamaza kabisa. Hakutikisa kopo, hakupumua. Mashine ilitafuna filamu yake, mdomo wa yule mama ukiwa wazi juu ya shuka, na kimya kikakaa, kikakaa, mpaka nikataka kupiga kelele mwenyewe. Kisha kutoka mabenchi ya wanawake mtu mmoja alianza. Kilikuwa kilio chembamba cha msiba, kile chetu chenyewe. Mwingine akakipokea, na mwingine. Walimlilia yule kijana mpaka wavuvi walipoondoka kwenye picha.

Mimi nilidhani wanawake wanamsaidia Papa, kwa huruma, kwa kuwa amesahau maneno. Niliwaza kila mara: kwa nini hayashiki maneno ya pale, picha yenyewe ameiona mara nyingi hivi?

Wenzangu hawakunisaidia. Bahati, mtoto wa jirani yetu, aliniambia njiani kuelekea nyumbani, wenzetu wote wakisikia, "Papa yako anamezaka ulimi! Anafika fasi nguvu, pale pagumu, anameza!"

"Hamezi," nilisema.

"Anameza! Kama chura anameza inzi. Ona, kop!" Akafumba mdomo na kutoa macho, na wote wakaanguka kwa kicheko. Nilimpiga, akanipiga, tukafika nyumbani na matope mpaka masikioni. Papa aliuliza tumegombania nini. Sikumwambia. Alinipangusa mwenyewe kwa kitambaa chake cha kung'arishia viatu, na kwa wiki nzima shingo yangu ilinukia rangi ya kahawia. Lau ningemwambia siku ile, angenieleza, na nisingekuwa na habari hii ya kuandika.

Jumapili moja ya msimu wa mvua Papa aliamka hana sauti. Koo lilikuwa limevimba, akifungua mdomo kinatoka kitu kama mlango usiotiwa mafuta. Maman alimpa maji ya moto yenye tangawizi na kumkataza kutoka. Akaniita karibu, akaninong'oneza, "Uende kwa citoyen gérant. Umwambie baonyeshe picha vile vile, bila sauti. Batu banajua kusikia."

Picha ya siku hiyo ilikuwa ile ya mama wa mtoni. Nilikimbia nikapeleka ujumbe. Gérant, au citoyen kama tulivyoitana wakati ule mahali pa bwana, alikuwa mtu mnene, mwenye haraka, aliyekuwa akijipepea kwa kitambaa hata siku za baridi.

"Bila sauti?" alisema. "Batabomoa mabenchi! Papa yako anataka nife?"

"Hana na sauti, citoyen. Iko anagonjwa."

"Na weye? Unakaaka pale kila dimanche. Maneno unajua?"

Nilisema, "Ninajua yote." Na ilikuwa kweli, niliyajua yote, tangu salamu ya kwanza mpaka farasi wa mwisho. Nilijua na mahali ambapo hapakuwa na maneno, na moyoni nilikuwa nimekwisha kupajaza siku nyingi.

Watu walipoona mtoto ameketi kwenye kiti walipiga miluzi. Nikaanza. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotegemea, ikagonga ukuta wa nyuma ikanirudia, na nikahisi kitu ambacho sijakihisi tena maishani. Niliwapa wavuvi sauti nene. Nikampa kila mtu maneno, hata waliokuwa wamegeuka mgongo. Nikampa mbwa maneno. Watu wakacheka, nami nikaongeza. Nilipofika kwenye mlango ule na maiti juu yake, na mama akafungua mdomo, sikuacha hata nusu ya pumzi. Nilipiga ukelele mwembamba kama wa mbuzi, nikasema kwa sauti ya kike, "Aïe, mama wee! Nilikukataza kuoga! Nilikukataza!"

Vichwa vikageuka kunitazama. Kisha kijana mmoja upande wa wanaume akacheka, na kicheko kikaenda kama moto kwenye majani makavu. Hata wanawake walicheka, wengine wameziba midomo kwa vitenge. Picha ilipokwisha walinibeba mabegani mpaka barabarani. Bahati alikuwa akikimbia kando yangu akipiga kelele, "Rafiki yangu! Huyu iko rafiki yangu!"

Sitasema uongo: nilifurahi kupita kiasi. Lakini chini ya furaha ile kulikuwa na kitu kingine ambacho mtoto wa leo angekiita upendo, na mimi nakiita hivyo pia. Niliona nimemwokoa Papa. Nimeziba lile shimo alilokuwa akitumbukia kila mara. Nilikimbia nyumbani kumwambia, "Papa, pale pa mama, mimi sikusahau!"

Aliniuliza kwa ule mlio wake wa mlango, "Ulisema nini pale?"

Nikamwigizia, na mbuzi nikamwigizia. Maman alicheka akiwa jikoni. Papa alinishika kichwa, akauacha mkono wake pale muda, kisha akasema, "Uko na sauti ya nguvu, mutoto wangu. Sauti ya nguvu kweli."

Siku tatu nne baadaye gérant akaja. Aliketi, akasifu chai, akamwuliza Papa habari za koo. Kisha akaingia kwenye neno. "Citoyen, tusifichane. Batu banamutaka mutoto. Weye unafanya muzuri, lakini unanyamazaka mingi. Batu banakuya kusikia, habakuyi kungoya. Wewe ubaki kumusaidia na vile vibuyu vyako." Papa aliendelea kutazama barabarani. Gérant akanigeukia mimi na kuniuliza, na mimi nikasema lile neno nililolisema.

Papa alitulia. Alinipa nafasi ndefu kabisa; hata gérant alianza kusogea kitini. Nami katika nafasi ile nilisema tena, kwa furaha, "Ndiyo, nitaweza, nitaweza vizuri." Papa akaitika kwa kichwa. Jumapili iliyofuata aliniletea kikapu mpaka kwenye kiti, akanionyesha jinsi ya kushika mkanda wa ngozi usiteleze, akatoka nje. Hakukaa. Haukupita muda mrefu akamwambia Maman kwamba ndugu yake wa Luberizi anahitaji mtu wa kumsaidia mpunga, akapanda lori la kuteremka uwandani. Tuliambiwa ni kwa msimu mmoja.

Nilifanya ile kazi, na kwa kweli niliifanya kwa fahari. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakaketi chini mbele ya shuka. Sokoni akina maman walinipa maparachichi bure ili niwatolee sauti ya mbwa. Lakini siku moja, watu wakitoka, Mama Nsimire alinisubiri mlangoni. Alikuwa mjane aliyeuza sombe, majani ya mihogo, karibu na kibanda cha Papa, na ndiye, sasa nilimtambua, aliyekuwa akianzisha kile kilio kila mara.

"Mutoto," alisema, "ukiingia ku matanga, unasemaka mbele ya mwenye kufiwa?"

"Hapana, maman." Kila mtoto wa kwetu anajua. Ukifika msibani unaingia, unakaa, unanyamaza. Mwenye msiba ndiye anayelia kwanza, kisha nanyi mnalia.

"Papa yako alikuwa anatuachia fasi," alisema. "Mimi mutoto wangu alikufa mbali, ku Shabunda, sikumuona, sikumulilia. Nilikuwa nakuya hapa. Papa yako alikuwa ananyamaza, mimi ninalia wangu. Sasa ile fasi yote weye uko unaikula." Hakuwa amekasirika. Alijitwika kapu lake akaenda.

Nilisimama pale mpaka mwendesha mashine alipokuja kufunga mlango. Nilijihisi kama mtu aliyeonyeshwa kwamba nyumba aliyokuwa akiitupia mawe ina watu ndani. Mvua ya jangwani, mpakiaji na kofia yake, mdomo wa yule mama: vyote vilinijia upya, na safari hii nilivisikia. Papa hakuwahi kusahau hata neno moja. Wengine walikuwa wakituonyesha picha. Yeye alikuwa akitupa picha na kutuachia mahali petu pa kuingilia. Nimeishi miaka mingi, nimeona sinema zenye sauti za kutikisa kifua, na bado sijaona mtu aliyejua kazi hiyo kumpita fundi viatu wa Kadutu. Nalisema hilo bila haya, nikiwa mtoto wake.

Picha ya mama wa mtoni iliporudi, nilijaribu. Alipofungua mdomo nilishusha maikrofoni mpaka gotini, nikashika pumzi. Nilitazama mabenchi ya wanawake, nikimtafuta Mama Nsimire gizani. Lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kuwafundisha.

"Sema, petit!" mtu aliita.

"Anameza! Kama papa yake!" Hiyo ilikuwa sauti ya Bahati. Kicheko kikaanza, miluzi, miguu ikapiga sakafu. "Mbuzi! Tunataka mbuzi!" Nikainua maikrofoni nikawapa mbuzi wao.

Likizo ilipofika nilimwomba Maman ruhusa, nikapanda lori mpaka Luberizi, kupitia Kamanyola, nikiwa juu ya magunia ya chumvi. Nilimkuta Papa shambani, suruali imekunjwa magotini, maji yanang'aa miguuni pake. Alifurahi kuniona, alinionyesha mpunga wake mstari kwa mstari kama mtu anayetambulisha ndugu. Jioni jua likiwa bado lipo tuliketi kwenye tuta, nikamwambia nimeelewa, nikamwambia habari ya Mama Nsimire, nikamwomba arudi achukue kiti chake.

"Bataninyamazia?" aliuliza. Nikamweleza jinsi walivyopiga miguu. Alitikisa kichwa taratibu. "Basi ile kazi imekwisha. Kunyamaza, haufanye peke yako. Munanyamaza pamoja."

"Papa, ju ya nini hukunikataza, siku ile gérant alikuja?"

Alifikiri. Alikuwa mtu asiyependa kumwumiza mtu, na nadhani alitafuta namna nyingine ya kulisema, akaikosa.

"Nilikuwa nangoya weye ukatae," alisema.

Hakulitaja tena jambo hilo. Aliniuliza habari za shule, akanipa kilo kadhaa za mchele wa kumpelekea Maman, akanisindikiza mpaka penye malori. Msimu wa mpunga ukazaa msimu mwingine. Alituma chakula, alituma salamu, alikuja Noeli akakaa kidogo kama mgeni anayejiheshimu, akarudi. Mjini hakukuwa na kitu kilichomwita. Viatu angeweza kushona popote.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari tulipoletewa habari kwamba homa imemchukua kule uwandani, na kwamba wamekwisha kumzika kwa sababu ya joto. Sikufika kwenye matanga yake. Wakati huo ukumbi ulikuwa umeletewa mashine mpya yenye kusema yenyewe, na hakuna aliyehitaji sauti yangu. Maikrofoni niliishika kwa muda mfupi tu wa utoto wangu. Ili niishike, nilimwondoa baba yangu nyumbani kwake, na sikuishi naye tena.